Safari ya Arubaini: Miguu ya Mzazi ni Amana



Himidi zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wasomaji, Ijumaa iliyopita, baada ya sala katika Msikiti wa Jamia, hapa katikati ya jiji la Nairobi, alinijia kijana mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye yeye na mkewe wakaa Kawangware kwa ajili ya kazi. Alikuwa na suala la haraka. Mkewe amejifungua mtoto wao wa kwanza, kwa kupasuliwa, na ile ilikuwa siku ya tisa.

"Sheikh," akasema, "mwanamke aliye katika nifasi ana makosa akisafiri? Mkwe wangu amtaka mwanawe nyumbani kabla ya Jumatatu, amalizie arubaini yake huko. Tiketi za basi la usiku nimekwisha kukata."

Nikamjibu, "Hana makosa, mwanangu. Nifasi humwondolea sala, na saumu huilipa baadaye, lakini haimfungii njia. Nendeni salama." Akanishukuru, akaenda zake.

Nilipanda matatu kurudi magharibi ya jiji. Jioni ile msongamano ulikuwa kama mjuavyo, na tulikaa njiani zaidi ya saa nzima. Nikahisi miguu yangu imekuwa mizito, na kiatu kimenibana. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lililotupata nyumbani kwetu miaka kadhaa nyuma, nikajua kwamba kijana yule nimempa nusu ya jawabu. Suala lake la sheria nililijibu. La uhai wa mkewe sikuligusa.

Jambo lenyewe ni hili. Binti wa ndugu yangu alijifungua Nairobi, na katika wiki ya tatu ya arubaini yake akateremka Mombasa kwa basi la usiku. Alikaa upande wa dirishani, mtoto mapajani, mkoba chini ya miguu, tangu jioni hadi alfajiri. Hakushuka hata mara moja. Siku mbili baadaye shavu la mguu wake wa kushoto likaanza kumuuma na kuvimba. Sote tukasema ni baridi imemwingia. Akaitwa mkandaji, yakachemshwa maji, akakandwa na kusingwa mguu kwa mafuta ya uto, asubuhi na jioni. Usiku wa tatu pumzi zikawa fupi, na kila akivuta hewa kifua kinamchoma.

Niliitwa mimi. Nilisoma nilichosoma, nikaandika kombe, nikasema tungoje kupambazuke. Shangazi yake, mwanamke asiyesoma chuo zaidi ya juzuu chache, akasimama mlangoni na buibui lake begani, akasema, "Dua isomeni garini." Teksi alikwisha kuiita. Huko hospitali walikuta damu imeganda katika mshipa wa mguu, na kipande chake kimekatika na kupanda hadi kwenye pafu. Daktari alituambia kwamba kama tungengoja asubuhi, yeye asingeweza kutuahidi lolote. Binti yetu alipona kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, kisha kwa ukaidi wa shangazi yake. Tangu siku ile najua kwamba kusoma dua na kwenda hospitali hakugombani, na kwamba Bwana Mtume (S.A.W.), aliyetufunza dua, ndiye pia aliyetuamrisha tujitibu.

Sasa tulifahamu jambo hili kwa asili yake. Moyo husukuma damu hadi nyayoni kwa nguvu zake. Kuirudisha juu ni kazi nyingine, maana damu yapanda mlima. Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya mishipa ya miguu vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu, na ameizungusha mishipa hiyo na misuli ya shavu la mguu. Mtu akitembea, misuli hukaza na kulegea, damu ikakamuliwa kwenda juu, vilango vikaizuia isirudi. Ndiyo maana madaktari wengine huliita shavu la mguu moyo wa pili. Mtu akikaa saa nyingi bila kusogea, magoti yamekunjwa, moyo huo wa pili hulala. Damu hupunguza mwendo, na damu iliyozubaa ni rahisi kuganda.

Bonge likikatika mguuni husafiri hadi upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo husukumwa mapafuni. Njia hii ya damu, kutoka upande wa kulia wa moyo, kupitia mapafuni, hadi upande wa kushoto, ilielezwa na mwanachuoni wetu Ibn al-Nafis, tabibu na faqihi wa madhehebu ya Shafi, aliyesoma Damascus na kufariki Cairo mwaka 1288. Aliandika hayo zaidi ya miaka 300 kabla ya Mwingereza William Harvey kutoa kitabu chake juu ya mzunguko wa damu mwaka 1628. Elimu hii basi si ngeni kwetu.

Je, kila anayesafiri yumo hatarini? La. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2007, likasema kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege, gari au treni, huongeza hatari hii kiasi cha mara mbili. Hata hivyo, kwa mtu mwenye afya, ni kama mmoja tu katika watu 6,000. Basi asiyekuwa na dalili wala sababu asiingiwe na hofu. Lakini wako watu ambao kwao hesabu hii si ndogo: mwenye mimba, aliyewahi kuganda damu kabla, mgonjwa wa saratani, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye uzito mkubwa, mtu mzima sana, na mwanamke atumiaye vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni. Na mbele yao yuko mzazi.

Kwa nini mzazi? Kwa sababu mwishoni mwa mimba Mwenyezi Mungu huifanya damu ya mama iwe nyepesi kuganda, ili asitokwe na damu hadi kufa wakati wa kujifungua. Hiyo ni rehema. Lakini hali hiyo haiondoki siku ile ile mtoto anapozaliwa. Hubaki na nguvu kwa wiki 6, kisha ikapungua kidogo kidogo. Katika wiki hizo hatari ya damu kuganda ni kubwa kuliko hata alipokuwa na mimba, na kwa aliyepasuliwa huzidi. Wiki 6 ni siku 42. Wazee wetu walihesabu 40. Arubaini yetu na hesabu ya madaktari zimekaribia kuwa kitu kimoja, nasi ndio wakati tunaouchagua kumpandisha mzazi basi la usiku kwa mwendo wa kilomita zipatazo 480.

Nawaomba mlitazame basi hilo likisimama Mtito Andei, katikati ya njia. Wanaume hushuka wakajinyosha, wakaenda msalani. Waislamu hutafuta maji ya kutawadhia na pahala pa kusali Magharibi na Isha kwa kukusanya, na Isha kuipunguza. Hata mwenye kusali mbio mbio amekwisha kutembea, kusimama, kurukuu na kusujudu, na damu yake imekwenda. Ni nani abakiaye kitini? Ni mzazi. Hana sala, mtoto amelala, nje kuna upepo, na watu wamemwachia mikoba aiangalie. Tena hakunywa maji tangu jioni, kwa kuogopa kuhitaji msala. Aliye na haja kubwa kuliko wote ya kushuka ndiye tunayemfanya mlinzi wa mizigo.

Kwa hivyo nasema haya kwa waume, kwa mama wazazi, kwa mawifi na kwa mashangazi.

La kwanza, ulizeni kabla ya kukata tiketi. Kumpeleka mzazi kwao ni ada njema, lakini ni ada. Sheria haikumlazimisha. Daktari au mkunga aliyemzalisha aulizwe waziwazi: je, mwanamke huyu aweza kukaa saa 8 au 9 garini, na anahitaji sindano ya kuzuia damu kuganda? Aliyepasuliwa, aliyetokwa na damu nyingi, aliyekuwa na shinikizo la damu katika mimba, au aliye na historia ya kuganda damu, asiende bila ruhusa hiyo. Safari ikiweza kungoja, ingoje.

La pili, chagueni chombo. Kwa mwenye uwezo, treni ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, huchukua kiasi cha saa 5 au 6 kutoka Syokimau hadi Miritini, ina msala, na abiria aweza kuinuka na kutembea ndani yake. Mkitoka Kawangware, Kangemi au Dagoretti kumbukeni kwamba hapana budi kulivuka jiji zima kwanza, basi tokeni mapema ili mzazi asikimbizwe na kidonda chake. Ikiwa ni basi, mchukulieni kiti cha kando ya njia ya kupitia, si cha dirishani, na lichagueni lenye kusimama vituoni.

La tatu, mavazi. Buibui na dera pana havina neno. Chenye kudhuru ni kinachokaza kiunoni, kwenye paja na chini ya goti. Mkaja ulegezwe njiani, na mwenye mshono amuulize daktari kama aufunge kabisa. Zipo soksi maalumu za kubana, zinazoishia chini ya goti, ambazo hukaza zaidi kwenye kifundo na kulegea kuelekea juu. Imethibiti kwamba hupunguza damu kuganda katika safari ndefu za ndege. Zinunuliwe duka la dawa kwa kipimo cha mguu wake, zivaliwe asubuhi kabla miguu haijavimba, na zisikunjwe juu, kwani mkunjo huwa kama kamba. Mwenye kisukari kilichoharibu miguu, au ambaye damu haimfiki vyema nyayoni, asizivae bila kumuuliza daktari.

La nne, ndani ya gari. Mikoba isiwekwe chini ya miguu. Mguu usipandishwe juu ya mwenziwe. Kila nusu saa akiwa macho, mzazi ainue visigino vyake huku vidole vikigusa sakafu, kisha ainue vidole huku visigino vikigusa, mara 20, na azungushe vifundo. Haonekani na mtu, na stara yake iko pale pale. Basi likisimama, ashuke. Mtoto achukuliwe na mumewe au nduguye, mizigo iangaliwe na mwingine, naye ajifunike shali atembee dakika 5 au 10. Anywe maji. Maji peke yake hayazuii bonge, lakini mwenye kunyonyesha ayahitaji, na kwenda msalani ni kutembea. Dawa za usingizi ziachwe, na aspirini isimezwe kwa kubahatisha.

La tano, na hili nalisema kwa mkazo. Bonge laweza kujitokeza siku kadhaa, hata wiki kadhaa, baada ya safari. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenziwe, shavu la mguu likauma, likawa na joto au likabadilika rangi, msiukande. Msiusinge, msiuchue, msiutie maji ya moto. Najua kumkanda mzazi ni heshima na raha yake, na mwili uliosalimika haukatazwi. Lakini kuuchua mguu wenye bonge kwaweza kulikata likapanda. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Kipimo chake ni kile cha mawimbi ya sauti anachokijua tangu siku za ujauzito, hakina maumivu. Na akipata pumzi fupi za ghafla, kifua kuchoma akivuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio au kuzirai, basi ni dharura. Msingoje adhana ya alfajiri. Dua isomeni garini.

Kuna masuala mawili ya fiqhi ambayo huwazuia watu, nayo yataka jawabu.

Suala la kwanza ni sindano ya heparini, itumiwayo kuzuia na kutibu damu iliyoganda. Sehemu kubwa yake hutengenezwa kutokana na matumbo ya nguruwe, na wapo waliolijua hilo wakakataa. Jawabu ni kwamba mwenye kulazimika, bila kutamani wala kuvuka mipaka, ameondolewa dhambi, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 173. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka lililijadili suala la heparini mwaka 2003, likaruhusu itumike panapokuwa na haja na pasipopatikana badala ya halali ya kutosheleza. Basi ulizeni kama ipo dawa nyingine imfaayo mgonjwa wenu. Ikiwa haipo, apigwe sindano hiyo wala asiwe na shaka. Mzazi asiache kunyonyesha kwa kudhani tu. Amwambie daktari kwamba ananyonyesha, naye atamchagulia dawa inayofaa, kwani zipo.

Suala la pili ni la wanaokwenda Umra na Hija. Kutoka Nairobi hadi Jeddah, hasa kwa wanaobadilisha ndege miji mingine, safari huchukua saa nyingi, na wengi wa waendao ni mama zetu watu wazima. Mwanamke aliyehirimia haruhusiwi nikabu wala glovu, lakini soksi hakukatazwa. Azivae zile za kubana bila wasiwasi. Mwanamume aliyehirimia hafuniki miguu kwa soksi. Ila akiamriwa na daktari kwa maradhi yake atavaa, na atatoa fidia: kufunga siku 3, au kulisha maskini 6, au kuchinja mbuzi au kondoo. Dini haikumtaka mtu aupoteze mguu wake njiani kuiendea Kaaba.

Nirudi kwa kijana wangu. Nambari yake sikuwa nayo. Usiku ule nilipita kwa imamu wa msikiti wa mtaani kwao, na kwa kuulizana tukampata baada ya Isha. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikujibu nusu. Nusu ya pili ni hii." Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, na habari ya kombe langu sikuificha. Asubuhi wakampigia daktari aliyempasua mkewe, naye akawaambia mzazi huyu asisafiri kwanza.

Ikabaki kazi ya kumwambia mkwe. Kijana aliniomba nizungumze naye kwa simu, kwani yeye alimwonea haya. Bibi yule alinisikiliza kimya, kisha akaniuliza, "Sheikh, kwani mimi sina miguu?"

Jumapili usiku, wa kupanda basi alikuwa yeye, akielekea Nairobi, na mkungu wa ndizi na kopo la mafuta ya uto. Nilimwomba kijana amsisitizie kiti cha kando ya njia. Amefika salama, na Mtito Andei alishuka. Arubaini inakwenda vizuri, chumba kimoja cha Kawangware, na mkwe ameshika jiko.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wetu na watoto wao, awape wasafiri wetu salama, na atujaalie kuwa watu wa kuuliza kabla ya majuto.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.